Shule zinafunguliwa tarehe 29 na sare hazimtoshi tena. Atarudishwa getini?

Mama Nasra, Mbagala

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada wa mawazo, hasa walimu na mafundi mliomo humu.

Rais Magufuli alivyotangaza tarehe 16 kule Bungeni Dodoma kwamba shule zote zifunguliwe Jumatatu ya tarehe 29 Juni 2020, mimi nilishukuru Mungu. Tangu zilipofungwa Machi 17 kwa ajili ya corona watoto wapo tu nyumbani, daftari wanashika kwa kusukumwa. Lakini jana nimetoa sare kwenye begi nikaishiwa nguvu.

Nasra yuko kidato cha pili. Sketi iliyokuwa inapita goti mwezi wa tatu sasa inaishia juu ya goti, zipu haifiki mwisho, na shati limembana kifuani mpaka vifungo vinavutana. Ana miaka kumi na minne, ndio umri wenyewe wa kurefuka. Mdogo wake wa darasa la tano kaptula inaingia kwa kusukuma. Halafu masika ya mwaka huu mnayajua. Begi lilikuwa chini ya kitanda, mashati meupe yote yameota madoa ya ukungu mgongoni.

Nikiwa bado nawaza, tangazo likaingia kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Kila mwanafunzi wa sekondari afike siku ya kwanza na sare kamili: sketi ipite goti, sweta la shule lenye nembo, viatu vyeusi vya kamba, soksi nyeupe, nywele fupi. Asiye na sare kamili asisumbuke kuja. Sketi na sweta zinapatikana kwa mzabuni wa shule, sketi 18,000, sweta 22,000. Hapo shati bado, viatu bado, na wa darasa la tano sijamgusa.

Mume wangu alikuwa mhudumu kwenye hoteli ya ufukweni. Wageni wamekatika, hoteli imewarudisha nyumbani bila mshahara. Kinachoingia ni vitumbua vyangu vya asubuhi hapa Zakhem. Na jamani, sare tulinunua. Januari tulinunua kila kitu kipya, ikavaliwa miezi miwili na kidogo, shule zikafungwa, mtoto akakua. Nani alaumiwe hapo?

Naomba kujua: shule ya serikali inaweza kweli kumrudisha mtoto kwa sketi fupi siku ya kwanza baada ya miezi yote hii? Lazima ninunue kwa huyo mzabuni? Fundi anaweza kuokoa nini kwenye hizi nguo? Na barakoa, kuna mzazi anasema nazo zitadaiwa za rangi ya sare, ni kweli?

Nasra mwenyewe ameanza kusema, "Mama, mimi nitaanza wiki ya pili." Ana aibu. Na mwaka huu ana mtihani wa kidato cha pili, asipofaulu anarudia darasa. Siwezi kumwacha nyumbani kwa sababu ya sketi.

Mwalimu wa Temeke

Pole Mama Nasra. Mimi nafundisha sekondari ya serikali, si hiyo yako, lakini taratibu zetu zinafanana.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 iliondoa ada na michango ya lazima mpaka kidato cha nne. Sare haikuingia humo. Waraka wa Elimu namba 3 wa 2016 umeiacha kwa mzazi, sare ya shule na ya michezo, pamoja na madaftari na kalamu. Kwa hiyo mkuu wa shule akidai sare hajakosea. Anapokosea, kwa maoni yangu, ni kumzuia mtoto asiingie darasani wakati mzazi yupo, anajulikana, na ameeleza hali yake. Miezi mitatu na zaidi ya masomo imepotea. Mwalimu anayejua kazi yake, Jumatatu hiyo atataka kuona watoto wangapi wamerudi, na wasichana wangapi hawajarudi na kwa nini.

Usisubiri hiyo Jumatatu. Walimu tupo shuleni tunaandaa ndoo za kunawia na kupanga madawati. Nenda wiki hii, mtafute mwalimu wa darasa kwanza, umchukulie na sketi yenyewe aione kwa macho. Usiombe msamaha wa jumla. Taja tarehe: sketi itakuwa tayari siku fulani, sweta nalinunua mwezi ujao. Halafu omba kikaratasi chenye sahihi, Nasra aje nacho. Wanaosimama getini asubuhi ni mwalimu wa zamu na viranja, na mengi mliyokubaliana ofisini hawayajui. Watoto wengi hurudishwa na kiranja wakati mkuu wa shule angewaruhusu.

Mkikwama, kuna bodi ya shule, na kuna Afisa Elimu Kata. Anza chini upande juu, ukianzia juu mtoto ndiye atakayebaki na walimu walionuna.

Kuhusu mzabuni, uliza swali moja tu: nikishona kwa fundi kwa rangi na mtindo uleule, itakataliwa? Uliza kwa upole, lakini upate jibu. Kwetu tunachokagua ni rangi, urefu na nembo. Barakoa hatujadai rangi yoyote, kitambaa safi kinachofunika pua na mdomo kinatosha.

Mama wa Wawili, Tandika

Mimi naomba nitofautiane kidogo na mwalimu, kwa heshima.

Naelewa shida ya hela, mimi mwenyewe nauza mboga. Lakini shule ikilegeza sare wanaoumia ni watoto wetu wa hali ya chini. Mwaka fulani shule ya binti yangu waliruhusu nguo za nyumbani kwa muda, wakisubiri sare mpya. Siku ya pili tu, wenye uwezo walikuja na viatu vya bei na suruali za kubana, binti yangu akawa anavaa gauni lilelile kila siku na wanalihesabu. Alilia. Sare ilipokuja alipumua.

Na nauli je? Mtoto akiwa na sare konda anachukua 200. Akipanda na nguo ya nyumbani anadaiwa 400 kama mtu mzima, hata akitoa kitambulisho anaambiwa sikujui. Tangu walipoagiza abiria wote wakae kwa sababu ya corona, hakuna kusimama, makonda wanawakwepa wanafunzi hata wenye sare. Asiye nayo atasimama kituoni Rangi Tatu mpaka saa ya pili ya masomo inaisha.

Kwa hiyo Mama Nasra, usimpeleke na nguo ya nyumbani hata shule ikikubali. Mpeleke na sare, hata kama imeungwa.

Fundi wa Buguruni

Mama Nasra, hapo kwenye kuungwa ndipo penye kazi yangu, ngoja niseme.

Geuza hiyo sketi ndani nje uangalie pindo. Kama ilishonwa na fundi, pindo litakuwa limekunjwa vidole vitatu au vinne, na hiyo ndiyo akiba yako. Nafumua, nashusha, nakunja upya pindo jembamba, goti linafunikwa. Kama ni ya dukani pindo ni kidole kimoja, hapo naongeza kipande. Watu wengi wanaunga kipande chini na kila mtu anakiona kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi naweka juu, chini kidogo ya mkanda wa kiunoni, kwa sababu shati likichomekewa na sweta likivaliwa hakuna atakayejua.

Pindo la zamani likishushwa linaacha mstari. Kama ni mkunjo tu, weka kitambaa kilicholowa maji yenye siki kidogo, piga pasi juu yake, unaondoka. Kama rangi imechakaa pale kwenye mkunjo, siki haisaidii. Napitisha mishono miwili juu yake kwa uzi wa rangi ileile, inakaa vizuri.

Zipu isiyofunga: sketi za shule nyingi zina marinda. Naachia rinda moja kila upande, kiuno kinapata nafasi, kisha naunga mkanda kwa nyuma. Sketi isiyo na marinda nafumua mishono ya pembeni, mara nyingi unapata kama inchi moja. Zipu yenyewe usinunue mpya kabla fundi hajaiona, nyingi hazijafa, zinavutwa tu na nguo iliyobana.

Shati ndilo ninalokuomba usinipe. Shati lililombana binti kifuani hata nikifumua ubavu kwapani litaendelea kuvuta, na yeye darasani atakaa amejikunja mchana kutwa asinyooshe mkono kujibu swali. Hela kidogo uliyonayo iende kwenye shati, kwanza kabisa. Shati jeupe halina mzabuni, pita mitumba ya Karume asubuhi mapema, utapata la pamba zito kuliko hayo ya dukani. Lile la zamani lipunguze mikono, mdogo wake avae.

Kaptula ya huyo mdogo itazame mshono wa nyuma, wa makalioni. Fundi mwenye huruma huacha akiba pale. Kama ipo, ni kazi ya muda mfupi.

Ukiamua kushona sketi mpya, nenda na ile ya zamani Kariakoo, Mtaa wa Kongo na mitaa ya jirani kuna vitambaa vya sare vya kila rangi. Toka nacho nje ya duka ukilinganishe kwenye jua. Na usilinganishe na upande wa nje wa sketi, huo umeshapauka. Fungua pindo, rangi ya kweli imejificha mle ndani. Mwambie fundi yeyote atakayeshona aache pindo la vidole vinne, na usikubali akikwambia kitambaa hakitoshi, kwa mtoto wa umri huo pindo ni sare ya mwakani.

Sweta halirefushwi, usidanganywe. Ila waliomaliza kidato cha nne mwaka jana mnao mtaani hapohapo, na masweta yao yenye nembo yamelala kabatini. Uliza.

Neno la mwisho, usije Ijumaa ya mwisho. Sisi mafundi wote wiki ile tutakuwa tumejaa, na mtu atakayepokea kazi yako Ijumaa jioni ataiharibu.

Bibi wa Keko

Wanangu, huo ukungu. Kamua ndimu, changanya na chumvi, paka kwenye madoa, anika shati juani likiwa bado bichi, likikauka paka tena. Kisha fua kwa sabuni ya kipande. Msikimbilie dawa ya kung'arisha ya chupa, mashati haya ya siku hizi yana nailoni ndani, yanageuka manjano na hayarudi. Na sare ikitoka juani usiifungie begini, itundike.

Mama Nasra, Mbagala

Asanteni sana, Mungu awabariki. Shikamoo bibi, mashati mawili yako juani sasa hivi, moja limeshaanza kusafika.

Mwalimu, leo asubuhi nimekwenda shuleni na sketi mkononi kama ulivyosema. Mwalimu wa darasa alinisikiliza vizuri. Kwenye urefu amekataa katakata, sketi ipite goti kuanzia siku ya kwanza, na sikubishana naye. Sweta amenipa mpaka mwisho wa Julai, kikaratasi ninacho. Kuhusu mzabuni amesema fundi yeyote sawa, rangi isibadilike. Sasa nikamuuliza, mbona tangazo halisemi hivyo? Kundi lina wazazi wengi na hakuna aliyeandika kitu, maana yake si kwamba wote wanazo. Wengine watawaacha mabinti nyumbani kimyakimya, na binti wa kidato cha pili akikaa nyumbani wiki mbili zaidi mnajua vinavyoanzaga. Nimemwomba aandike mlemle kwenye kundi kwamba mwenye shida aje kuonana naye kabla ya Jumatatu. Ameniahidi atamfikishia mkuu wa shule. Jioni nitaangalia, kama hakuna kitu nitaandika mwenyewe.

Dada wa Tandika, nimekuelewa sana. Hilo la nauli sikuwa nimelifikiria kabisa, na Nasra anapanda magari mawili. Nguo ya nyumbani haendi nayo.

Sweta nimeshaanza kuuliza, kuna mama wa Kizuiani kijana wake kamaliza mwaka jana, kasema nipite nilione. Fundi, pindo nimelitazama, ni vidole vitatu, na marinda yapo. Kesho nikija Buguruni unafungua saa ngapi?

Fundi wa Buguruni

Saa mbili asubuhi nipo. Vidole vitatu vinatosha. Njoo na Nasra mwenyewe, na avae viatu vya shule nikimpima urefu. Na ile kaptula ya mdogo wake ibebe.

Mama Nasra, Mbagala

Tutakuja wote watatu.