Nisome historia ya umma, au nimsikilize mjomba?

Mjukuu wa Kongwa: Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Nimechaguliwa vyuo viwili na siku za kuthibitisha zinakwisha. Kimoja ualimu, kingine historia, na humo nataka niegemee historia ya umma: makumbusho, nyaraka, maeneo ya kale, masimulizi ya wazee. Mjomba ndiye mlipa ada. Kaniuliza, "Utakuwa unahesabu mafuvu?"

Aliyeniponza ni babu. Utotoni alikuwa akipeleka maziwa kambini Kongwa kwa wapigania uhuru, na hadi leo anaimba wimbo wa Kireno asioujua maana.

Konda Mstaafu: Ualimu. Tumbo halina makumbusho.

Nzuguni Kwetu: Mkuu Konda, bodaboda aliyenileta leo ana digrii ya ualimu. Tusidanganyane.

Mama Zabibu: Mwanangu, mimi nilisoma historia, sasa natembeza wageni michoro ya miambani Kondoa, ile iliyoingia Urithi wa Dunia 2006. Mwanzoni nilikuwa nawasomea tarehe, wanapiga miayo. Nikaanza kuwaambia kwamba pale Mungomi wa Kolo wenyeji bado wanatambika kuomba mvua. Pombe ya tambiko ikirukia michoro, wahifadhi wanashika kichwa. Ukiwazuia wazee, umewafukuza kwao. Hapo ndipo penye somo lenyewe: nani ana neno juu ya mahali pale? Kwenye mtihani hukuti jibu lake.

Ajira ni chache, sikufichi. Nyingi ni za mkataba. Kabla ya kuthibitisha, kiulize chuo kama kina mafunzo ya vitendo makumbusho au nyaraka. Kama ni nadharia tupu, mjomba ana hoja.

Nzuguni Kwetu: Kongwa yenyewe ni hazina. Waingereza walianza mradi wa karanga 1947, ukafa 1951. Miaka ya 60 wakaja wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia. Makaburi yao yapo.

Mama Zabibu: Basi usingoje chuo. Mrekodi babu kwa Kigogo chake, kwa ridhaa yake. Usimkatize akitoka nje ya swali, mara nyingi utamu uko huko. Wimbo mtafutie mtu wa Msumbiji ausikilize.

Mjukuu wa Kongwa: Ahsante mama. Chuo nitakipigia kesho. Jumamosi naenda Kongwa. Babu amekubali kurekodiwa, ila kwanza nimpelekee ugoro.

Konda Mstaafu: Mpelekee mifuko miwili ya ugoro. Na huo wimbo tuwekee hapa.