Obama kabla ya Ikulu: "seneta wa jimbo" ni diwani, mbunge au nini?

Kinyozi_Ngamiani:

Wakuu, salaam. Nina saluni ya kunyolea hapa Ngamiani, Tanga. Jana ubishi ulinoga hadi mteja akabaki na nusu kichwa. Mmoja anasema Obama alikuwa seneta miaka 12 kabla ya urais. Mwingine anasema hapana, ni minne tu. Wa tatu, mwalimu mstaafu, kawazima wote: ile minane ya mwanzo haihesabiki kwa kuwa alikuwa "seneta wa jimbo", cheo sawasawa na diwani wetu.

Mimi nilivyozoea, mbunge wa jimbo ndiye mbunge mwenyewe. Sasa jimbo la Marekani ni jimbo gani? Na huko alifanya nini cha maana? Dau ni kreti ya soda.

Mtu_Kati:

Mwalimu yuko sahihi. Diwani mwenye suti. Lipa kreti, uzi ufungwe.

MamaWaMuheza:

Kinyozi, mdogo wangu, kreti usilipe kwanza.

Mimi nimeishi Springfield, makao makuu ya Illinois, tangu 2001. Baba watoto alikuwa anasoma, mimi nafua mashuka kwenye hoteli si mbali na jengo la bunge. Obama sikuwahi hata kumsalimia, tusije tukadanganyana. Lakini wabunge wa jimbo nimewajua kwa mashuka yao. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Mei, Jumanne hoteli inafurika wanaume na wanawake wamebeba mashati kwenye henga. Alhamisi mchana wameshapotea, sisi kule chini tumebaki na mlima wa mataulo. Kwa wengi wao ile si kazi ya mwaka mzima. Ijumaa huyu yuko shambani kwake, yule yuko dukani. Obama alikuwa anaendesha gari saa tatu na zaidi kurudi Chicago, ambako alikuwa anafundisha sheria chuo kikuu.

Sasa hilo la udiwani. Jimbo la kule lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake, na bunge lenye vyumba viwili: Seneti ya watu 59 na Baraza la Wawakilishi la watu 118. Ukitaka mfano wa nyumbani, ifikirie Zanzibar na Baraza lake, hapo utakaribia. Sheria za mauaji, shule, leseni za udereva, vyote vinapikwa Springfield. Seneta mmoja alikuwa anawakilisha watu kama 210,000. Diwani gani wa Tanga anapiga kura mtu anyongwe au asinyongwe?

Alivyoingia sasa, hapo saluni mtapapenda, maana ni siasa tunayoijua. Kiti kilikuwa cha mama mmoja, Alice Palmer. Mwaka 1995 akataka kupanda kwenda Bunge la Marekani, akambariki Obama arithi nafasi yake. Huko juu akabwagwa na Jesse Jackson mdogo. Akarudi anadai kiti chake. Obama akagoma.

Mama akaamua kugombea hivyo hivyo. Masharti yalikuwa saini 757 za wapiga kura halali wa eneo lile, kama sisi tunavyotafuta wadhamini wa fomu. Palmer alileta karibu mara mbili ya hizo, ila zilikusanywa mbiombio. Watu wa Obama wakakaa na daftari la wapiga kura, wakapitia jina baada ya jina: huyu haishi eneo hili, huyu hajaandikishwa, huyu kaandika jina kwa herufi za kuchapa, hiyo si saini. Pingamizi juu ya pingamizi. Palmer akajitoa, wagombea wengine watatu wakaenguliwa, na kwenye mchujo wa chama, Machi 1996, kijana akapita bila kupingwa. Kwa hiyo nikisikia mtu anamwita Obama mtu wa maneno matamu tu, huwa nacheka peke yangu. Yule aliingia kwa daftari.

Ila akaingia akakuta milango imefungwa. Republican, wapinzani wa Democrat ya Obama, ndio waliokuwa wengi Seneti, na kule walio wengi ndio wanaoamua mswada upi utoke kamatini. Miaka sita alikaa upande wa wachache, miswada yake mingi ikifia njiani. Mmojawapo uliopenya ni ule wa 1998 wa kubana zawadi wanazopewa wanasiasa wa jimbo. Jioni alicheza karata za poka na wenzake, wa vyama vyote, kwa dau dogo. Mwaka 2000 akachoka kusubiri, akamvaa mbunge Bobby Rush kugombea kiti chake cha Bunge la Marekani. Rush alipata asilimia 61, yeye 30. Kilichomchafulia zaidi ni Desemba 1999, Seneti ilipopigia kura mswada wa bunduki: yeye alikuwa Hawaii kwa bibi yake, mtoto kaumwa, hakurudi kwa wakati. Na miezi miwili tu nyuma, mtoto wa Rush alikuwa ameuawa kwa risasi. Hapo hata ungekuwa na sababu, nani atakusikiliza?

Kilichomfungulia njia ni bahati nasibu, si utani. Mipaka ya maeneo ya uchaguzi hupangwa upya kila baada ya miaka kumi, na vyama vikishindwana, jina la mtu wa kuvunja sare linachomolewa kwa kura, kama sisi akina mama tunavyochomoa karatasi kwenye upatu. Mwaka 2001 likatoka la Democrat. Wakachora ramani wanavyotaka, wakashinda Seneti 2002, na Januari 2003 Emil Jones akawa kiongozi wa Seneti. Huyu mzee zamani alikuwa mkaguzi wa mitaro ya maji taka Chicago, na alimpenda Obama kama mwanawe. Akamkabidhi miswada mizito.

Mzito kuliko yote ni ule wa kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imetia aibu: watu 13 waliohukumiwa kifo walikutwa hawana hatia, wengine kati yao wakiwa wamebanwa mpaka wakakiri. Polisi waliupinga, waendesha mashtaka waliupinga, hata gavana mpya wa chama chake mwenyewe hakuutaka. Obama akakaa nao kikao baada ya kikao, huku anapunguza, huku anaongeza. Seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kuupinga, na Illinois ikawa ya kwanza kuweka jambo hilo kwa sheria ya bunge.

Kwa hesabu yangu, miaka minane yake ni sita ya benchi na miwili ya uwanjani.

Kinyozi_Ngamiani:

Dada, Mungu akuweke. Mwalimu kasoma, kanyamaza, kisha kaibuka na jingine: anasema Obama alikuwa mwoga, alikuwa anapiga kura ya "nipo" badala ya ndiyo au hapana. Kuna kitu kama hicho?

MamaWaMuheza:

Kipo. Masika ya 2003 nilikuwa na zamu ya jioni, mchana nikapanda viti vya wageni kule juu nione. Ukutani kuna ubao wenye majina yote, na kila mmoja mezani ana vitufe: kijani ndiyo, nyekundu hapana, njano "nipo". Nilitegemea watu watagombana kama bungeni kwetu. Wapi! Mmoja anaongea, nusu wanapekua makaratasi, mara ubao unawaka taa kama mti wa Krismasi, wamemaliza.

Obama alibonyeza njano mara kama 130, kati ya kura zipatazo 4,000. Lakini mwambie mwalimu hivi: mswada ulihitaji kura 30 za ndiyo, hata wawe wameingia watu wangapi. Kwa hiyo njano haiusaidii mswada, uzito wake ni ule ule wa hapana. Mara nyingine chama kilikubaliana hivyo, mara nyingine alisema mswada una kasoro ya kikatiba. Na mara nyingine, mimi naamini, alikuwa anakwepa. Hapo mwalimu namwachia pointi.

Nyar_Siaya:

Niongeze kutoka huku Kenya. Ile hotuba ya Boston ya Julai 2004, kwenye mkutano mkuu wa Democrat, iliyofanya dunia nzima iulize huyu ni nani, aliitoa akiwa bado seneta wa jimbo, mashuka yake bado Springfield kwa Mama hapo juu! Seneti ya Marekani aliingia Januari 2005. Huku kwetu mwaka huo huo wa 2004 bia ya Senator ilikuwa imeingia sokoni, na haikuchukua muda watu wakaanza kuagiza "Obama moja". Baba yake ni wa Nyang'oma Kogelo, Siaya, kwa hiyo wazee walinywa wakijiona wako nyumbani.

Kuhusu cheo, hata mimi nakataa udiwani. Sisi tuna wawakilishi wadi kwenye kaunti tangu 2013, na hakuna anayeweza kugusa sheria ya mauaji.

Kinyozi_Ngamiani:

Hukumu imetoka. Wa miaka 12 kashinda, maana ni minane ya Illinois na minne ya Washington, japo ukihesabu siku kwa siku vipindi vyote viwili vinapungua kidogo. Mwalimu anasema atatoa nusu kreti, ile nusu ya kitufe cha njano anadai ni yake.

Yule mteja wa nusu kichwa karudi leo amevaa kofia. Nimemmalizia bure.