Naomba ushauri: maili za kijitabu cha wavuvi ni maili zipi?

Mfasiri wa Tanga: Ndugu wanajukwaa, natafsiri kijitabu cha wavuvi kinachotaja maili 12 za bahari ya kitaifa na maili 200 za ukanda wa kiuchumi wa bahari. Mhariri anataka zote ziwe kilomita, kwa kuzidisha kwa 1.6 kama tulivyofundishwa shuleni, nami nina shaka kama kipimo hicho kinafaa majini. Anataka pia tanbihi kuhusu asili ya neno lenyewe.

Bin Nahodha: Shaka yako ni ya haki, ndugu yangu. Maili ya baharini ni mita 1,852, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1929, nacho kimetokana na dakika moja ya latitudo (si dakika ya saa, bali sehemu moja ya sitini ya digrii), ndiyo maana nahodha huipima kwa bikari pembeni mwa ramani bila kukokotoa lolote. Maili 200 hizo ni kilomita 370.4, ukizidisha kwa 1.6 utapata 320, na kilomita 50 za bahari zitakuwa zimepotea kwa kalamu tu.

Mwalimu Mstaafu: Kuhusu asili, Waingereza walilitoa neno hili katika Kilatini, ambamo *mille passus* ni hatua elfu moja. Hatua ya Kirumi ilihesabiwa mguu uleule ukanyagapo tena, yaani futi tano za Kirumi, hivyo maili yao ilikuwa kama mita 1,480. Waingereza, kwa upande wao, walipima mashamba kwa furlongi, jina linalotokana na urefu wa mfuo wa plau, nayo ilikuwa futi 660. Mwaka 1593, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, sheria ikatamka kwamba maili ni furlongi nane, yaani futi 5,280. Maili ndiyo iliyorefushwa ili ilingane na furlongi, kwa kuwa mipaka ya mashamba haiguswi kirahisi. Mita 1,609.344 za maili ya nchi kavu ya leo, ndiyo ile 1.6 ya shuleni, ni za makubaliano ya mwaka 1959.

Mfasiri wa Tanga: Ahsante sana, Mwalimu. Je, niache kilomita peke yake?

Bin Nahodha: Hapana. Andika "maili za baharini" kila mahali, na kilomita uziweke katika mabano mara ya kwanza tu, kwa sababu ramani za bahari na vyombo vya kuongozea boti hutumia maili hizo. Maili 12 ni kilomita 22.2, mhariri akibisha, mwonyeshe ramani.