Mashindano ya roboti kwa wanafunzi: kila shule ivute kwake, au kanuni zitulazimishe kuvuta pamoja?

MLETA MADA:
Wadau, hili tulijadili bila kumung'unya maneno. Mashindano ya roboti yanazidi kuwa ya shule zilezile.

Niliwahi kuwa mlezi wa timu iliyofika na roboti moja na betri moja. Meza ya jirani ilikuwa na betri sita kwenye chaja, kila moja imebandikwa namba. Mechi ya tatu roboti yetu ilifika katikati ya uwanja, ikanyanyua mkono nusu, ikasimama. Mtoto aliyeshika rimoti aliendelea kubonyeza mpaka kipenga kikalia. Programu aliyoiandika haikuwa na kasoro. Chaji ndiyo iliyokwisha.

Msimamo wangu: kuhubiri umoja siku ya ufunguzi hakutoshi, ushirikiano uandikwe kwenye kanuni za alama. Inawezekana. Kwenye mechi za ushirikiano za VEX IQ, mashindano mengine ya roboti kwa wanafunzi, roboti mbili za timu mbili huingia uwanjani pamoja kwa sekunde 60, na alama zinazopatikana ni za wote wawili. Hapo gia ya mwenzako ikilegea unakimbia na bisibisi, maana akikwama yeye mmekwama wote. Hata FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti kubwa ya sekondari yaliyoanza mwaka 1992, huunganisha timu tatu dhidi ya tatu, na unayepambana naye mechi hii anaweza kuwa mwenzako mechi ijayo.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, nakuelewa ila sikubaliani nawe. Wanafunzi wangu hukaa na roboti yao miezi. Leo alama zao zishushwe na timu iliyojiandaa wiki moja? Huko ni kuwaadhibu wenye bidii. Halafu najua utakachodai baadaye: programu ziwekwe wazi. Wavivu watanakili tu. Anayekosa vifaa atafute wafadhili.

MLETA MADA:
Hoja ya bidii naiheshimu, maana nimewaona hao watoto wakisinzia juu ya kompyuta. Lakini hupangiwi mwenza mmoja siku nzima. Unacheza mechi nyingi na wenza tofauti, na nafasi yako hutokana na wastani. Mechi moja mbovu haimzamishi aliyejiandaa.

Kunakili hakunitishi hata kidogo. Chukua programu ya roboti yenye magurudumu ya kipenyo cha sentimita 4: mzunguko mmoja unaisogeza karibu sentimita 12.6. Ipeleke ilivyo kwenye roboti ya magurudumu ya sentimita 6, mzunguko uleule unakuwa karibu sentimita 18.8. Roboti itapita mstari na kugonga ukuta. Ili ifanye kazi, aliyenakili lazima akae chini apige hesabu upya, na hapo ameshajifunza kile tulichotaka ajifunze. Kwa hiyo ndiyo, programu ziwekwe wazi msimu ukiisha.

Wafadhili? Hao huwafuata walioshinda tayari. Ada ya kusajili timu moja kwenye FIRST Robotics Competition ni maelfu ya dola, hata hujanunua mota. Njia nyingine ilionekana mwaka 2017, FIRST Global Challenge ilipoanza: timu moja kwa kila nchi, na zote zikatumiwa vifaa vya aina moja. Halikumaliza kila pengo, kwani aliye na mkufunzi mzuri bado ana mkufunzi mzuri, lakini mtoto alianza na mota zilezile alizonazo mwenzake.

MCHANGIAJI WA PILI:
Mimi ni mwamuzi. Meza ya pamoja ya betri na vipuri, kila timu iazime kwa kuandika jina, naiunga mkono hata kesho. Kinachonisumbua ni ushirikiano ukiandikwa kwenye kanuni kama alama za kusaidiana. Timu mbili zinaweza kuelewana zijifanye zimesaidiana ili zivune alama. Nitawabainije?

MLETA MADA:
Basi tusitoe alama za msaada kabisa. Tubaki na alama za pamoja uwanjani, mnazohesabu nyie waamuzi kwa macho yenu. Hilo unalionaje?