Mpangilio wa maudhui ya tovuti ya chama cha akiba na mikopo

Swali
Ndugu zangu, nimekabidhiwa kazi ya kuandika upya tovuti ya chama chetu cha akiba na mikopo. Ukurasa wa mwanzo unafunguliwa na salamu za mwenyekiti, zikifuatiwa na dira, dhamira na historia, ilhali masharti ya mikopo yamo katika faili la PDF lililoskaniwa kutoka kwenye karatasi, ambalo kwenye simu halisomeki mpaka ulikuze. Afisa mikopo anashinda akijibu simu za watu wanaouliza mambo yaliyokwisha kuandikwa. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza
Anza na huyo afisa mikopo. Mwombe aandike daftarini, kwa wiki moja, kila swali analoulizwa kwa maneno yaleyale ya muulizaji, kwa sababu mwanachama hasemi "bidhaa za mikopo", husema "nina akiba ya laki tano, naweza kukopa ngapi, na wadhamini wawe wangapi?" Maswali yanayojirudia ndiyo yawe vichwa vya kurasa, jibu likae katika sentensi ya kwanza, na masharti yafuate. Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, alieleza mwaka 1997 kwamba asilimia 79 ya watu waliopimwa walipitisha macho juu juu katika kila ukurasa mpya, na asilimia 16 tu walisoma neno kwa neno. Jibu lililofichwa katika aya ya nne, basi, wengi hawatalifikia.

Jibu la pili
Nakubaliana naye, ila bodi haitaridhia salamu za mwenyekiti zifutwe, wala sioni sababu ya kugombana nayo: zihamishie "Kuhusu Chama". Kinachonikera zaidi ni lugha. "Mwombaji atapaswa kuwasilisha uthibitisho wa kipato" iwe "Leta hati zako za mshahara za miezi mitatu iliyopita."

Jibu la tatu
Niongeze juu ya viungo, yaani maneno yanayobofywa ili kufungua ukurasa au faili jingine. Asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, huweza kusomewa viungo peke yake, akaishia kusikia "bofya hapa" mara kumi. Andika "Fomu ya mkopo wa dharura". Kiwango cha riba nacho kikae mahali pamoja tu, maana mkutano mkuu ukikibadilisha, kurasa nyingine zitabaki na cha zamani.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Daftari nimemkabidhi asubuhi hii, na kufikia saa sita lilikuwa na maswali kumi na moja, saba kati yake yakihusu wadhamini, neno ambalo halimo popote katika ukurasa wetu wa mwanzo.