Mtu mpya kwa Tekken mnamuanzisha na nini? Wangu wanachapwa wanarudi FIFA

jakondele_ps

Wadau habari za jioni. Mimi niko Kisumu, nasimamia kibanda ya PS (PlayStation) huku Kondele, PS4 kadhaa na PS5 moja, na kama kila mahali watu ni FIFA tu asubuhi mpaka usiku. Sasa kuna vijana wa fom tatu na dada mmoja wa chuo wameanza kuulizia Tekken, ile gemu ya kupigana, nikasema poa, Jumamosi asubuhi kabla watu wajae nitakuwa nawafundisha. Shida ni hii, nimewaonyesha kombo, yani mapigo ya kufuatana, nimewaandikia hadi kwa karatasi, mmoja anatoa kombo ya Jin, mmoja wa wachezaji wa ndani ya gemu, vizuri kabisa akiwa kwa praktisi, lakini akiingia mechi na hawa mabingwa wa hapa dakika moja ashalazwa, anaamka, analazwa tena, anaweka pedi chini anaenda kungoja zamu ya FIFA.

Na kuna mwingine yeye ni kufinya tu, amechukua Eddy anafinya mateke yote pamoja, na nikisema ukweli anashinda wenzake. Sasa wenzake wananiuliza kwani wanasoma nini kama mwenye hasomi ndio anawapiga.

Kwa hivyo mtu hajawahi shika hii gemu unamuanzisha wapi? Kombo? Blok, yani kuzuia? Hizo mambo za fremu? Na isiwe ya kuwachosha juu wakiboeka wanaenda tu. Tekken 7 iko kwa PS4, Tekken 8 iko kwa hiyo PS5.

mzee_wa_58

Kaka kombo weka kando kwanza. Kombo inaanza baada ya pigo la kwanza kuingia, na hilo pigo la kwanza ndilo hawajui kuliingiza, ndio maana huyo kijana wako kwa praktisi anang'ara na kwa mechi hatoi hata moja. Yule wa praktisi hasongi wala harudishi.

Mimi hapa Nakuru siku ya kwanza nafundisha pedi. Tekken ni rahisi hapo kuliko Street Fighter juu kila batani ni kiungo cha mwili: boksi mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Wacha afinye moja moja huku anaangalia mwili wa mchezaji wake, baada ya muda kidogo ataacha kuinamia pedi.

Halafu blok, na hapa ndio umalizie muda wako mwingi. Kuna pigo la juu, la katikati na la chini. Ukisimama umevuta nyuma unazuia la juu na la katikati, la chini linakuingia. Ukichuchumaa umevuta nyuma unazuia la chini, la juu linapita juu ya kichwa, lakini la katikati linakupata mzima mzima. Mtu mpya akishafagiliwa miguu mara mbili anaanza kuchuchumaa kila saa kwa woga, na hapo ndio anamalizwa, juu mapigo mengi ya kukurusha hewani ni ya katikati. Waambie wasimame. Wasimame hata kama wanaguswa miguu, teke la chini la haraka linakula laifu kidogo sana, na yale ya chini yenye hatari kwa kawaida ni ya polepole, wakizoea watayaona yakikuja.

Ikishaingia hiyo, adhabu. Chukua hopkiki, lile teke la kuruka linalokutupa juu, karibu kila mchezaji ako na yake. Gemu inaenda fremu, yani picha, 60 kwa sekunde. Ukiblok hopkiki, nyingi zinamwacha mwenyewe minasi 12 ama 13, yani kwa fremu hizo bado amekwama na wewe ushakuwa huru, na jab, ile ngumi fupi ya haraka, ya karibu kila mchezaji inatoka kwa fremu 10. Maanake ukifinya boksi pembetatu saa hiyo hiyo LAZIMA iingie, hana la kufanya. Watoto usiwatajie namba, waambie tu ukiblok hiyo teke rudisha mbili. Wewe shika pedi ya pili, piga hopkiki, yeye ablok arudishe. Halafu anza kumchanganyia, mara hopkiki, mara jab, mara usimame tu usifanye kitu, uone kama anaangalia ama anabahatisha. Na kama kwenu kuna mtu wa Paul, ile ngumi yake kubwa inayotoa watu roho nayo ni hivyo hivyo, iblok, anabaki wazi.

Huyo wa Eddy msimgombeze. Wenzake wakijua kusimama na kungoja amalize kuzunguka, atakuja mwenyewe kuuliza.

shinyalu_mdogo

Mulembe wote. Mzee naungana na wewe lakini si yote. Kijana wa fom tatu ukimkalisha saa nzima ablok tu Jumamosi ingine humuoni. Kombo moja mpe siku ya kwanza, MOJA, fupi, mapigo matatu manne basi, asikie raha ya kuona mtu akielea. Ile ndefu ya ukutani atajitafutia mwenyewe usiku na simu ya mamake.

Kitu mmeruka ni umbali. Sisi huku tumekua tukienda kuangalia mafahali wakipigana, na wazee wenye wanajua hiyo mchezo hawaangalii pembe, wanaangalia miguu, vile fahali anaingia anatoka anapima kabla wagongane. Sasa angalia mtu mpya wa Tekken. Anakimbia mbele, anafinya ngumi hatua moja kabla ya kumfikia mwenzake, mkono unapiga hewa, na ule mkono lazima urudi kwanza kabla afanye kitu ingine. Hapo katikati ndio anachapwa. Yeye anadhani amepigwa juu mwenzake ako na vidole haraka.

Jaribu hii, mimi huifanya na mabinamu zangu: wote wawili wanaruhusiwa kutembea, kublok, jab, na teke moja refu. Mengine yote marufuku, mwenye amefinya kitu ingine raundi si yake. Mwanzoni watacheka wataona ni ujinga, halafu utaona mmoja ameanza kusimama hatua moja nyuma ya mahali ngumi ya mwenzake inafika, anaingia kidogo, anatoka, mwenzake anapiga hewa, anachapwa. Hakuna mtu amemfundisha hiyo kwa maneno. Na ile bakdashi ya Kikorea, ya kurudi nyuma haraka haraka, msiwaguse nayo sai, mtaharibu vidole vya watu na pedi za jakondele bure.

nyar_manyatta

Wacha niongee kama mtu amefundishwa juzi juzi, juu nyinyi wote mnaongea kama walimu.

Jakondele shida yako kubwa si blok wala kombo. Ni losa auti. Fikiria, mtu mpya analipa mechi, anakaa na mtu amecheza miaka, anachapwa, anatoka, anangoja watu wanne watano wacheze, anarudi kwa kiti, na sai ni mtu mwingine na mchezaji mwingine hajawahi muona. Atajifunza nini hapo? Hata hajajua ni nini ilimpiga. Kwa nyumba kakangu alikuwa ananichapa mfululizo na Bryan yule yule, nikachapwa na ile teke yake ya chini ya polepole mpaka siku moja nikaiona ikianza, nikachuchumaa nikaiblok nikarudisha. Hiyo haingewezekana na losa auti, juu ningekuwa nishatolewa kitambo. Jumamosi yako iwe ni watu wawili wawili, wamekaa pamoja, mechi tano kumi bila kuinuka, na walingane kidogo. Mabingwa waje saa nane.

Ingine, tafadhali mkitaka kuonyesha mtu kitu msimpokonye pedi mkononi. Hiyo nyinyi wanaume mnafanya sana na kwetu wasichana ndio mbaya zaidi, "leta nikuonyeshe", anacheza raundi mzima, anakurudishia ukiwa hujui amefinya nini. Sema kwa mdomo. Na huyo dada wa chuo msimpe Lili ati juu ni msichana, wacha achague jitu lenye anataka akae nalo. Queen Arrow wetu hapa Kenya alisainiwa na timu ya nje kwa hii hii Tekken, hakuna mtu alikuwa anamchagulia.

Na hao mabingwa wako wapeni kazi. Mwenye ameshinda aseme kitu kimoja chenye kimemuua mwenzake. "Kila saa ukiamka unafinya teke, mi nangoja tu nablok nakuchapa." Kimoja tu, halafu mechi ingine. Mnamjua Arslan Ash wa Lahore? 2019 ameingia EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, watu wengi hawamjui, akabeba, mwaka huo huo akaenda EVO ya Marekani akampiga Knee wa Korea fainali akabeba tena. Walikuwa wanachapana wenyewe kwa wenyewe kwa arkedi za mtaa huko Pakistan mpaka wakawa wakali hivyo na dunia haijui. Mtaa ukificha siri mnabaki na bingwa mmoja na FIFA.

jakondele_ps

Nyamera, dada yangu, umeniguza mahali pabaya, losa auti ndio inalipa stima 😂 mechi ni shilingi kumi kumi, mtu akikaa na kiti mechi kumi bila kuinuka wale wa laini wanahama wanaenda kwa jirani. Lakini Jumamosi asubuhi ni ukweli hakuna laini, naweza weka bei ya saa moja wawili wagawane. Hiyo ya mshindi aseme kitu kimoja nimeipenda, ingawa kuna jamaa hapa najua atasema "nimekushinda juu mimi ni noma".

Huyo huyo jamaa ndio swali langu la pili. Anachukua Hwoarang tu, mateke haiishi, watoto wanasimama wanablok vile mzee anasema, wanablok, wanablok, wanangoja zamu yao haifiki, mwisho wanafinya kitu kwa hasira wanakatwa. Sasa unamwambia mtu ablok mpaka lini?

Pia kwa ile TV kubwa naona kama mikono inachelewa, ama ni mimi.

webuye_sidestep

Si wewe, ni TV. TV kubwa za siku hizi zinapamba picha kabla zikuonyeshe na hapo ndio inachelewa, ingia kwa setingi za picha utafute ile modi ya gemu uiwashe, utasikia tofauti mara moja. Kama haina hiyo modi zima kila kitu ya kulainisha picha. Na ukiwa hapo angalia pedi, kama analogi imelegea wafundishe na mishale, juu mtoto anavuta nyuma ablok na pedi inasoma amechuchumaa, utamlaumu bure.

Hwoarang sasa. Kwanza waelewe zamu. Jab yenyewe ukiiblok, mwenye amepiga bado ako mbele fremu moja, plasi 1 kwa wengi, kwa hivyo ukishablok jab na ufinye jab yako, yake ya pili ndio itafika kwanza. Hapo ndio wanakatwa. Lakini misururu mirefu mingi ikifika mwisho mwenyewe amebaki minasi, na hiyo ndio zamu yako, anza na jab, si na kitu kubwa.

Kazi ya Hwoarang ni kukufanya usijue mwisho uko wapi juu anaishia kwa mguu mmoja amesimama na anaendelea tena. Dawa si kublok milele. Ndani ya hiyo misururu kuna mateke ya juu, na teke la juu unalichuchumalia linapita hewa, unaamka ukimrudishia. Lakini usiwape misururu yake yote, watachanganyikiwa. Angalia jamaa wako anapenda upi, najua ako na mmoja anarudia kila mechi wote wako hivyo, ingia praktisi, rekodi huo mmoja, uache ujirudie. Mtoto ablok ya kwanza, ablok ya pili, achuchumae ya tatu kama ndio ya juu, arudishe. Akimfanyia hivyo mara moja kwa mechi ya ukweli jamaa ataacha kufinya kwa raha.

Kwa hiyo PS5 umekalia mali na hujui. Tekken 8 inaweka mechi zako, unafungua ripleyi, yani mechi yako ikirudiwa, inakuonyesha mahali ungerudisha na haukurudisha, na unaweza isimamisha hapo hapo uchukue mchezaji ujaribu mwenyewe. Fremu pia inaonyesha bure, kwa 7 hiyo ilikuwa ya kununua. Mwenye amechapwa na Hwoarang asiende FIFA, aende aone ripleyi kwanza kama kiti iko wazi.

mzee_wa_58

Hapo kwa ripleyi sina neno. Niongeze tu, kwa Tekken 8 kuna ile staili spesho ya L1, unafinya batani moja kombo inatoka yenyewe. Shinyalu hiyo ndio inamaliza ubishi wetu, siku ya kwanza wapewe hiyo waone mtu akielea bila kukariri kitu, akili yao yote ibaki kwa kublok. Baadaye mtu mwenyewe ataizima akiona inamnyima mapigo anayataka.

shinyalu_mdogo

Nimekubali nusu. Mi naona wakizoea hiyo hawaizimi.

Lakini ile nyar_manyatta amesema ya kuamka na teke ifundishwe kesho kutwa kabla ya yote, nimeona watu wazima hawajaiacha. Ukilazwa usifinye. Bingiria pembeni, ama baki chini kidogo, ama amka umevuta nyuma, mradi mwenye amesimama asijue ni gani. Jakondele hiyo unaipima rahisi, simama mbele ya mtoto akiwa chini, usimguse, vuta nyuma tu ungoje. Kama teke limekuja peke yake bado hajaelewa.

jakondele_ps

Nimejaribu sai na kijana mmoja yuko hapa. Teke limekuja.