Nani kawaambia mbunge wa viti maalumu si mbunge? Someni Ibara ya 66!

Wakuu, nimetoka kwenye mkutano wa hadhara wa kata yetu damu inanichemka. Mbunge wa viti maalumu kafika saa nne kamili, daftari mkononi, kakaa. Mshereheshaji anashika kipaza sauti: "Ndugu wananchi, tuvute subira, tunamsubiri mbunge mwenyewe."

Mwenyewe, yaani wa jimbo! Na aliyekaa pale mbele ni nani? Kwenye utambulisho kaja kutajwa baada ya diwani: "Mama, simama uwasalimie wananchi." Kasalimia, kaketishwa. Hata tulipofika kwenye wodi ya wazazi, jambo lililomleta, hakuulizwa neno.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 66, imetaja aina za wabunge: wa majimbo, wanawake wa viti maalumu, watano kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wasiozidi 10 wanaoteuliwa na Rais. Aina, jamani, si madaraja! Kiapo chao ni kilekile cha Ibara ya 68, na bungeni kura ya yule mama ni moja, sawa na ya mwenye jimbo.

Mwanasheria Mkuu anaingia kwa wadhifa wake, hajaomba kura kijiji chochote, na sijasikia hata siku moja akiitwa nusu mbunge. Wa kuteuliwa akipewa uwaziri mnampisha njia. Dharau mmeiweka akiba kwa wanawake hawa tu. Na msiniletee habari ya "hakupigiwa kura". Viti vile vinagawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo chama kimepata, na chama kisichofikisha asilimia 5 hakipati kitu. Kura yangu imo kwenye kiti kile.

Tofauti zipo, sikatai. Waziri Mkuu lazima atokane na wabunge wa majimbo. Na jinsi vyama vinavyopanga majina kwenye orodha zao, hapo pana kasoro nyingi, tuzipiganie zirekebishwe. Ila kasoro za chama hazimvui mtu ubunge aliopewa na Katiba.

Huyo "mwenyewe" kaja saa nane, kaongea dakika kumi, kaondoka. Wodi hakuigusa. Viongozi wa kata mnaosoma hapa, mkutano ujao mtambulisheni yule mama kwa cheo chake, Mheshimiwa Mbunge, na mpeni kipaza sauti afungue daftari lake.